Mvinyo wa Porto: jina la mji mmoja, maghala ya mji mwingine, na umri usiofuata kalenda

Msafiri mwenye begi mgongoni anayeshuka asubuhi kwenye kituo cha treni cha São Bento, katikati ya Porto, akauliza ni wapi pa kuonja mvinyo wa Porto, huelekezwa atoke nje ya Porto. Huambiwa ateremke vichochoro vya Ribeira hadi ukingo wa mto Douro, avuke daraja la chuma, aingie mji wa pili uitwao Vila Nova de Gaia, wenye meya wake na baraza lake. Hata kabla hajavuka atakuwa ameshasoma, juu ya mapaa ya vigae ya ng'ambo, majina ya kampuni yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: Sandeman, Graham's, Cálem, Ferreira. Akiingia ghala mojawapo na kulipia kiingilio, atawekewa glasi tatu ndogo, ya kwanza nyekundu iliyokolea kama juisi ya rosela, ya pili ya kahawia kama chai ya rangi, ya tatu ya manjano iliyopauka, na ataambiwa kwamba zote tatu ni mvinyo wa Porto.

Nilipoketi mbele ya glasi hizo, wageni watatu wa meza ya jirani walikuwa wakibishana. Mmoja alisema huu ni mvinyo wa kawaida uliotiwa sukari. Wa pili alisema neno "porto" maana yake ni bandari, kwa hiyo mvinyo wowote uliopakiwa melini ungeweza kuitwa hivyo. Wa tatu, aliyelipia glasi ya bei ghali zaidi, alishikilia kwamba namba 20 iliyoandikwa kwenye chupa ina maana kila tone lililomo limetimiza miaka 20. Wote watatu walikuwa wamekosea, ingawa kila mmoja alikuwa ameshika ncha ya ukweli. Nilivyokuja kuelewa baadaye, mkanganyiko huu una fundo moja kubwa, nalo ni ile saa ambapo mvinyo hukatizwa kabla haujamaliza kuchachuka. Fundo hilo likifunguka, mengi ya yaliyobaki hulegea yenyewe. Msomaji asiyetia kileo kinywani asiondoke, kwani sehemu kubwa ya habari hii ni ya mto, sheria na biashara.

Tuanze na maneno yetu wenyewe, maana hapa Kiswahili kina mkono wake. Neno "mvinyo" limetokana na Kireno, "vinho", kama ilivyo "meza" na kama lilivyo "pipa", neno ambalo wafanyabiashara wa Gaia wanalitamka hivyo hivyo hadi leo na kulitumia kama kipimo: pipa moja la hesabu zao ni lita 550. "Divai" ilitujia baadaye kutoka Kifaransa. Wako wazungumzaji wanaotumia "divai" kwa kinywaji cha zabibu kilichochachuka tu, na "mvinyo" kwa kileo kikali. Kinywaji cha Porto kinawaridhisha wote, kwa sababu ni divai ambayo, ikiwa bado inachachuka, humiminiwa pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu. Vinywaji vya namna hii nitaviita hapa mvinyo uliotiwa nguvu.

Hiyo pombe kali inafanya nini? Anayejua tembo la mnazi anajua tayari nusu ya jibu. Tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, karibu halina kileo. Kufikia jioni limekuwa kali na utamu umepungua. Kesho yake linaelekea kuwa siki. Sukari ile haikupotea bure. Imeliwa na hamira, vijidudu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hula sukari na kutoa kileo pamoja na povu. Maji ya zabibu hupitia safari hiyo hiyo, na divai ya kawaida ni ile ambayo hamira wameachwa wale karibu sukari yote, na ndiyo maana divai nyingi za mezani si tamu.

Sasa fikiria mgema anayetaka tembo lake libaki na utamu wa saa nne asubuhi lakini liwe na ukali unaozidi hata ule wa jioni. Katika bonde la Douro hufanya hivi: baada ya siku mbili au tatu, hamira wakiwa wamekula nusu hivi ya sukari, mvinyo hukamuliwa kutoka kwenye maganda na kumiminiwa pombe ya zabibu yenye kileo cha asilimia 77. Kwa kawaida lita 115 za pombe hiyo huingia katika lita 435 za mvinyo unaochachuka, jumla yake ikiwa lita 550, ambazo ndizo pipa letu. Hamira hawawezi kuishi katika kileo kikali kiasi hicho, kwa hiyo hufa na kazi hukoma papo hapo. Sukari ambayo walikuwa hawajaila hubaki ilivyo. Mvinyo unaotokea una kileo cha asilimia 19 hadi 22, wakati divai nyingi za mezani huwa na asilimia 12 hadi 14.

Kwa hiyo bwana wa meza ya jirani aliyedai kwamba umetiwa sukari alikosea kwa neno moja. Sukari ya mvinyo huu ni ya zabibu zenyewe, iliyookolewa isiliwe.

Ufupi wa muda huo wa kuchachuka ndio unaoeleza pia kitu ambacho wageni wengi hukiona kama maigizo ya kitalii, yaani kukanyaga zabibu kwa miguu. Rangi ya mvinyo mwekundu, pamoja na ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyokaa muda mrefu na majani yake, hutoka kwenye maganda. Mtengenezaji wa divai ya kawaida anaweza kuyaacha maganda yaloweke kwa wiki moja au zaidi. Huyu wa Douro ana siku mbili au tatu tu, kwa hiyo lazima ayasugue kwa bidii. Wakanyagaji huingia katika birika pana la jiwe liitwalo lagar, tope la zabibu likiwafika magotini au mapajani, wakashikana mabega kwa mistari na kwenda hatua moja moja kwa amri ya msimamizi, kushoto, kulia, kwa saa mbili hivi, kabla ya muziki kuanza na kila mmoja kuruhusiwa kucheza apendavyo. Unyayo una ubora mmoja ambao mashine za zamani hazikuwa nao: huponda ganda bila kuvunja mbegu, na mbegu ikivunjika hutia uchungu. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mashine, baadhi zikiwa zimeundwa makusudi kuiga mguu wa binadamu, lakini mabirika ya kukanyagia bado yanatumika, hasa kwa mvinyo wa daraja la juu.

Na hayo yote, hadi hapo, hayajafanyika Porto wala Gaia. Mizabibu iko mbali juu ya mto. Mji wa Peso da Régua, ulio kwenye sehemu ya chini ya eneo la mizabibu, uko takriban kilomita 100 kutoka Porto, na treni inayoufikia hutumia kama saa mbili. Kutoka hapo mashamba yanaendelea kuelekea mashariki hadi mpaka wa Hispania. Milima ya Marão huzuia mvua za bahari ya Atlantiki, kwa hiyo bonde lina kiangazi cha kuchoma na majira makali ya baridi. Wenyeji husema kwamba kwao kuna miezi tisa ya baridi na mitatu ya jehanamu. Udongo wenyewe si udongo hasa, ni jiwe la tabaka tabaka liitwalo shisti, ambalo wakulima walilivunja kwa mikono na kulijengea matuta kando ya milima. Mizizi hupenya kwenye nyufa za jiwe hilo kutafuta maji. UNESCO ililiorodhesha eneo hilo kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, miaka mitano baada ya kuuorodhesha mji mkongwe wa Porto.

Joto linaloivisha zabibu vizuri namna hiyo halifai kuhifadhia mvinyo. Ukiuweka bondeni kwa miaka mingi, majira ya joto huuharakisha kuzeeka na kuutia ladha ya kuungua. Ndipo Gaia inapoingia. Kilima chake kiko kusini mwa mto na kinatazama kaskazini, kwa hiyo jua haliyachomi maghala moja kwa moja, na upepo wa bahari, ambayo iko kilomita chache tu kutoka hapo, huleta unyevu na ubaridi usiobadilika sana. Mvinyo uliteremshwa majira ya kuchipua baada ya mavuno, ukiwa ndani ya mapipa yaliyopangwa juu ya mashua za rabelo, zenye tumbo bapa, tanga moja la mraba na kasia refu sana la nyuma linaloshikwa na nahodha aliyesimama juu ya jukwaa. Mto ulikuwa na maporomoko, na watu walikufa humo. Mwaka 1861 mashua iliyombeba Joseph James Forrester, mfanyabiashara aliyekuwa ameuchora mto huo ramani, ilipinduka mahali paitwapo Cachão da Valeira, naye akazama. Dona Antónia Ferreira, mmiliki wa mashamba makubwa kuliko wote wa zama zake, alikuwemo katika mashua hiyo akanusurika, na husimuliwa kwamba sketi yake pana ndiyo iliyomwelesha.

Reli, kisha malori, kisha mabwawa ya umeme yaliyojengwa mtoni katika karne ya 20, vilizimaliza safari hizo. Mashua unazoziona leo zimefungwa mbele ya maghala, zikiwa na mapipa juu yake, ni mapambo na matangazo, ingawa kila tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohana, hushindana mbio za tanga. Porto ilichangia kitu kimoja tu, yaani jina, kwa kuwa hapo kwenye mlango wa mto ndipo shehena ilipoondokea kwenda ng'ambo. (Ni kweli kwamba "porto" maana yake ni bandari. Jina la kale la mahali hapo, Portus Cale, ndilo lililoipa nchi nzima jina la Ureno kwa Kireno, yaani Portugal.) Lakini hilo halimpi haki yule bwana wa pili. Mvinyo uliopakiwa Lisbon, au hata uliotengenezwa ndani ya Porto kwa zabibu za kwingine, hauwezi kuitwa mvinyo wa Porto katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sababu jina hilo linalindwa na sheria na ni la zabibu za bonde la Douro pekee, nayo taasisi ya serikali iitwayo IVDP hukagua kila mvinyo na kutoa muhuri wa karatasi unaobandikwa shingoni mwa chupa. Ukinunua chupa, tafuta muhuri huo.

Kwa muda mrefu sheria ililazimisha pia kwamba mvinyo wa kuuzwa nje upitie Gaia. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1986, na tangu hapo mashamba yanaweza kuuza nje moja kwa moja kutoka bondeni.

Tabia ya kulinda jina ni ya zamani, na chanzo chake ni udanganyifu. Mwaka 1703 Uingereza, ambayo ilikuwa na uhasama na Ufaransa, ilitia saini na Ureno mkataba wa Methuen, uliofanya ushuru wa mvinyo wa Ureno uwe pungufu kwa theluthi kuliko ule wa Ufaransa. Wanywaji wa Uingereza wakageukia Douro, mahitaji yakapanda, na haikuchukua muda mrefu watu wakaanza kuchakachua: wengine walitia sukari, wengine walitia maji ya matunda meusi ya mti wa sabugueiro ili mvinyo mwepesi uonekane mzito. Sifa ikaharibika na bei ikaanguka. Mwaka 1756 waziri mkuu mwenye mkono wa chuma, anayejulikana kwa cheo chake cha baadaye cha Marquês de Pombal, aliunda kampuni ya kusimamia biashara yote, akaamuru miti ile ing'olewe, na akaweka mipaka ya eneo kwa nguzo za mawe ya matale zipatazo 335, ambazo nyingine bado zimesimama. Ni moja ya maeneo ya kwanza duniani kuwekewa mipaka ya namna hiyo. Wenye vilabu vya Porto hawakufurahia ukiritimba wa kampuni hiyo, wakafanya ghasia mwaka 1757, na serikali ikajibu kwa kunyonga watu.

Hapa tuugusie uzushi mmoja ambao hata baadhi ya waongozaji wa wageni huurudia, kwamba Waingereza waligundua mvinyo huu kwa kutia pombe kali ili usiharibike melini. Ni nusu ya habari. Pombe ilitiwa kweli kwa ajili ya safari, kama mvuvi anavyotia samaki chumvi, lakini ilikuwa kidogo, na ilitiwa katika mvinyo uliokwisha kuchachuka wote, ambao haukuwa mtamu. Kuukatiza katikati ni desturi iliyokuja kukubalika na watengenezaji wote baadaye, katika karne ya 19.

Turudi mezani, kwenye zile glasi. Njano ni rahisi: imetengenezwa kwa zabibu nyeupe, na mjini huinywa kwa barafu, maji ya toniki na kipande cha limau. Kazi iko kwenye nyekundu na kahawia, maana zote mbili zinaweza kuwa zilitoka kwenye zabibu zile zile na birika lile lile. Kilichozitenganisha ni hewa. Kata parachichi uliache mezani: baada ya saa chache limekuwa la kahawia, kwa sababu hewa imeligusa. Mvinyo nao huguswa na hewa kupitia mbao za pipa. Kinachoamua kasi ni ukubwa wa chombo, na hilo mtu yeyote aliyewahi kumpozea mtoto uji analielewa: uji uliomiminwa kwenye sahani hupoa haraka kuliko ule wa sufuria, kwa kuwa sehemu kubwa ya uji imekutana na hewa. Mvinyo unaoitwa Ruby huwekwa kwenye matangi makubwa mno, ya mbao au ya chuma, kwa miaka michache tu, kwa hiyo hubaki mwekundu, wenye harufu ya matunda mabichi na ukakasi wake. Ule unaoitwa Tawny huwekwa kwenye mapipa ya kawaida kwa miaka mingi. Hewa huupausha hadi ukawa wa kahawia, na harufu yake hugeuka kuwa ya njugu, lozi, asali na tende. Kila mwaka kama asilimia mbili hivi hupotea kwa mvuke kupitia mbao, na wenye maghala huita upotevu huo mgawo wa malaika.

Sasa ile namba. Tawny huandikwa 10, 20, 30, 40 au, tangu mwaka 2022, 50, na aliyelipia glasi ghali aliamini anakunywa mvinyo uliowekwa miaka 20 iliyopita. Ukweli ni kwamba Tawny wa namba ni mchanganyiko. Mchanganyaji huchukua mvinyo wa miaka tofauti, mwingine mchanga kiasi, mwingine mkongwe sana, akauchanganya hadi apate ladha na rangi inayotarajiwa kwa mvinyo wa umri huo, kisha waonjaji wa IVDP hukubali au hukataa. Kwa hiyo namba hiyo inaeleza tabia ya mvinyo, haitaji tarehe yake ya kuzaliwa. Anayetaka mwaka halisi atafute chupa iliyoandikwa Colheita, ambayo ni Tawny wa mavuno ya mwaka mmoja tu ulioandikwa hapo, uliokaa ndani ya mbao kwa miaka isiyopungua saba.

Kuna mwaka mwingine unaoandikwa kwenye chupa ambao ni wa mavuno pia, lakini wa mvinyo uliozeeka kwa njia nyingine, nao huwachanganya hata wanywaji wazoefu. Chupa iliyoandikwa Vintage ni ya mavuno ya mwaka mmoja ulioonekana bora, kama 2011 au 2016, na mvinyo wake hukaa ndani ya mbao miaka miwili hadi mitatu tu, kisha hufungwa ndani ya kioo bila kuchujwa na kuzeeka humo kwa miongo kadhaa. Huzeeka bila hewa. Ndiyo maana Vintage wa miaka 20 bado ni mwekundu, na Tawny wa miaka 20 ni wa kahawia. LBV (Late Bottled Vintage, yaani Vintage iliyochelewa kutiwa chupani) ni ndugu yake wa bei nafuu: wa mwaka mmoja pia, lakini hutiwa chupani kati ya mwaka wa nne na wa sita baada ya mavuno, ukiwa tayari kunywewa. Kwa msafiri mwenye fedha za kuhesabu, nadhani glasi moja ya LBV na moja ya Tawny wa 20, zikiwekwa pamoja, hufundisha zaidi kuliko glasi tano za Ruby kutoka kampuni tano.

Nasema hivyo nikiwa nimejifunza kwa gharama. Siku ile nilipita maghala matatu kabla ya chakula cha mchana, na yale niliyoyaandika kwenye daftari katika ghala la tatu sikuweza kuyasoma kesho yake. Hesabu yenyewe ni rahisi. Glasi ya kuonjea ikiwa na mililita 50 na kileo cha asilimia 20, ina mililita 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Maghala matatu, glasi tatu kila moja, ni mililita 90, yaani zaidi ya bia tatu na nusu, na utamu huuficha ukali. Kutema si utovu wa adabu. Chombo cha kutemea kipo mezani kwa kazi hiyo, na waonjaji wa kazi hawamezi. Kula mkate kwanza, anza na wa manjano, kisha mwekundu, malizia na wa kahawia ulio mkongwe zaidi, kwa sababu baada ya huo mwingine wowote utaonekana mchanga.

Jioni niliipanda Serra do Pilar, penye monasteri ya mviringo, ili niutazame mji kutoka upande wa Gaia. Daraja lililo chini yake, Ponte Dom Luís I, lilifunguliwa mwaka 1886, nalo lina sakafu mbili: ya juu hupita metro na waenda kwa miguu. Mara nyingi utasikia kwamba limejengwa na Gustave Eiffel. Alilichora Théophile Seyrig, aliyewahi kuwa mshirika wake. Daraja lililojengwa na kampuni ya Eiffel ni Maria Pia, lililofunguliwa mwaka 1877 na kutumika kwa reli hadi 1991, na liko mbali kidogo upande wa juu wa mto.

Lililobaki ni chupa ya kwenda nayo nyumbani. Katika viwanja vingi vya ndege haitaruhusiwa kwenye begi la mkononi, kwa ile kanuni ya mililita 100, isipokuwa umeinunua baada ya ukaguzi; ifunge kwa nguo katikati ya mzigo unaoukabidhi. Halafu tazama kizibo chake. Kikiwa na kichwa cha plastiki kinachofunguka kwa vidole, mvinyo huo uko tayari: usimamishe wima, na ukishaufungua, kama ni Tawny, utakaa wiki kadhaa kwenye jokofu, maana hewa ni mwenzake wa tangu zamani. Kikiwa ni kizibo kirefu kilichozamishwa chote shingoni, kinachohitaji chombo cha kuzibulia, huenda umebeba Vintage. Huo ulaze ubavu mahali pa giza, na siku ya kuufungua usimamishe tangu jana yake ili mashapo yatuame, uumimine taratibu, na uite watu wa kutosha kuumaliza, kwa sababu baada ya siku mbili au tatu ladha yake itakuwa imeanguka.